X Nyekundu Haishikilii Slabu

Kama umewahi kuishi Nairobi, hasa upande wa Huruma, Mathare au Embakasi, unaijua ile X nyekundu. Inapakwa ukutani kando ya mlango wa ploti, rangi inachuruzika kidogo, na maana yake ni moja: jengo hili ni hatari, libomolewe. Wiki ya kwanza watu wanaiangalia wakipita. Baada ya miezi kadhaa imekuwa njia ya kuelekeza wageni. "Ukifika kwa ile ploti ya X, nipigie."

Wasee, leo nataka tuongelee historia. Tulia, siendi kwa Vasco da Gama. Hii ni historia ya nyumba tunazolala, na ya watu ambao kazi yao ilikuwa kusema "simama".

Ijumaa usiku, tarehe 29 Aprili 2016, mvua ilikuwa imepiga Nairobi vibaya sana. Huruma, karibu na mto, jengo la ghorofa sita lilianguka na watu wakiwa ndani. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 vya kupangisha, vile vya single ambavyo familia nzima inalala, inapika na watoto wanafanyia homework humo humo. Takriban watu 50 walikufa. Siku ya nne waokoaji walimtoa mtoto mchanga akiwa hai, ndani ya beseni, amefungwa blanketi. Siku ya sita wakamtoa mama mjamzito. Nilikuwa darasa la saba, na picha ya yule mtoto tuliiona kwa TV ya jirani mpaka ikatuchosha.

Kitu ambacho sikukisikia wakati huo, nimekuja kukisoma nikiwa mkubwa, ni hiki: jengo lilikuwa tayari kwenye orodha ya kubomolewa. Mwaka mmoja kabla, Januari 2015, jengo lingine lilikuwa limeanguka hapo hapo Huruma. Rais akaamuru majengo yakaguliwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile tunaiita NCA, ikakagua na kuja na hesabu kwamba asilimia 58 ya majengo ya Nairobi hayakufaa kuishi watu. Zaidi ya nusu, buda! Hesabu ikasomwa kwa habari, ikaandikwa kwa magazeti, kisha watu wakaenda kulipa rent.

Kwa hivyo kujua hakukuwa shida. Ukifuatilia majengo yaliyoanguka nchi hii, utakuta karibu kila moja lina mtu aliyejua mapema. Swali langu ni kwa nini kujua hakutoshi.

Nauliza nikiwa Nchiru, si Nairobi. Kwa wale hawajui, Nchiru ni pale barabarani ukitoka Meru mjini kuelekea Maua. Chuo kikuu cha hapa kilipata hati yake ya kuwa chuo kamili mwaka 2013, na tangu hapo mashamba ya mahindi yanazidi kuota hosteli. Sikatai maendeleo. Hata mimi nilikuja huku juu ya masomo, nikaacha chuo mwaka wa pili, nikabaki. Nafanya video, naandika hizi posti, na kabla video zianze kulipa nilifanya mjengo miezi kadhaa. Ndiyo maana hii story siwezi kuiacha. Watu wa umri wangu wanalala kwa hizi hosteli, wanne chumba kimoja, na hakuna hata mmoja anauliza nani alipiga hesabu ya nguzo.

Kwa mjengo kulikuwa na fundi mmoja mzee ambaye alinifunza zaidi ya lecturer yeyote. Alikuwa anasema konkriti ina adui mmoja anayefanana na rafiki: maji. Ukichanganya simiti, mchanga na balasti, maji yanahitajika kiasi tu. Ukiongeza, mchanganyiko unateleza vizuri, unaingia kwa mbao haraka, vijana wa karai wanafurahi, kazi inaisha mapema. Lakini yale maji ya ziada yakikauka yanaacha vijitundu vidogo ndani, na slabu inakuwa kama mkate. Kwa macho huoni kitu. Ukipiga plasta na rangi ya krimu, inafanana na slabu nyingine yoyote.

Halafu kuna mambo ya siku. Konkriti haikauki kama matope, inakomaa polepole, na lazima imwagiliwe maji siku za kwanza ili ikomae vizuri (yes, maji tena, lakini baada ya kumwagwa na kushika). Nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 7 na siku ya 28. Ukitoa zile nguzo za mbao zinazoshikilia slabu kabla haijakomaa, au ukipandisha ghorofa nyingine juu yake haraka, unakopa. Na hili deni analipa mpangaji.

Sasa ona mahali maadili ya kazi yanaishi. Watu wakisikia "maadili ya ujenzi" wanafikiria bahasha ya kitu kidogo ikipita chini ya meza. Hiyo ipo. Lakini mara nyingi ni uamuzi mdogo wa saa nane mchana: maji kidogo zaidi, siku tatu kidogo mapema, chuma cha milimita 10 badala ya 12 kwa sababu hardware wameishiwa. Msimamizi wa kazi anaangalia saa, mwenye mradi amepiga simu mara tano akiuliza wapangaji wataingia lini, na huyo mwenye mradi ndiye anayemlipa. Ni nani hapo atasema simama?

Zamani hili swali lilikuwa rahisi. Nyumba ya msonge huku Meru ilijengwa na majirani, kwa miti na nyasi za hapo hapo, na waliosaidia kuijenga walikula humo jioni. Ukifunga paa vibaya, utaonana na mwenye nyumba kesho kisimani. Mjenzi, mwenye nyumba na anayelala ndani walikuwa karibu mtu mmoja. Mji ndio ulitenganisha hao watu. Leo mwenye ploti anaishi mahali pengine, aliyechora yuko ofisini, aliyejenga ameenda site nyingine, na wewe uko ghorofa ya tatu ukichaji simu.

Sheria zilikuja kujaza hilo pengo, na ukizipanga kwa mwaka zinasema kitu. Sheria ya wasanifu majengo na wakadiriaji gharama ilianza 1934, wakati wa mkoloni. Kanuni za ujenzi tulizotumia kwa miongo zilitoka 1968. Usajili wa wahandisi ukapata sheria yake 1969. NCA na sheria mpya ya wahandisi zikaja 2011. Zile kanuni za 1968 zilikaa zaidi ya miaka 50, mpaka Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zikaanza kutumika Machi 2025. Fikiria hiyo. Majengo ya Nairobi yalipanda juu, lifti zikaja, vioo vikaja, na kitabu cha sheria ni cha enzi za babu yako akiwa kijana.

Katikati ya hizo tarehe kuna makaburi. Mwaka 1996 duka la Sunbeam lilianguka Moi Avenue, katikati ya Nairobi, mchana watu wakifanya shopping. Tarehe 23 Januari 2006 ikawa Nyamakima. Jengo la ghorofa tano lilikuwa bado linajengwa, likaanguka na mamia ya wafanyakazi ndani. Zaidi ya watu 10 walikufa, na mpaka waokoaji wakatoka Israel kuja kusaidia. Ripoti za wakati huo zilitaja haraka: sakafu zilipandishwa juu ya nyingine kabla konkriti haijakomaa. Hapo ndipo namkumbuka yule fundi wangu. Wale waliokufa Nyamakima wengi walikuwa vijana wa mjengo, wale wale wa karai. Wao ndio walioishika ile konkriti kwa mikono ikiwa bado bichi.

Jirani zetu nao wanajua. Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Iliripotiwa kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Hesabu hiyo haihitaji degree. Mtu yeyote aliyesimama barabarani angeweza kuhesabu madirisha kwenda juu na kufika kumi na moja.

Kuna kisa kimoja cha mbali ambacho ndicho kilinifanya niandike hii posti. Kanada, mto St. Lawrence, mwaka 1907. Walikuwa wanajenga daraja la chuma la Quebec, na pengo la katikati lilikuwa karibu mita 549. Hakuna daraja la aina hiyo lililokuwa refu hivyo duniani. Mhandisi mkuu wa ushauri alikuwa Theodore Cooper, jina kubwa, mzee, akiwa New York. Yeye ndiye aliyerefusha lile pengo kutoka kwa mpango wa mwanzo, na uzito mpya wa daraja haukupigiwa hesabu upya inavyotakiwa. Wakati chuma kinapandishwa, yeye hakuwa akifika site.

Site kulikuwa na mhandisi kijana, Norman McLure, kazi yake kukagua kwa niaba ya Cooper. Kiangazi hicho vyuma vya chini vilianza kupinda. Watu wakabishana. Wengine walisema vilikuja hivyo kutoka kiwandani. McLure akapima, akaona vinazidi kupinda, akapanda treni mpaka New York kumwonyesha mzee. Cooper akaelewa mara moja. Akatuma telegramu kwa ofisi za kampuni huko Pennsylvania, akitaka daraja lisiongezewe uzito wowote.

Telegramu haikuenda Quebec, ilienda ofisini. Jioni hiyo hiyo, tarehe 29 Agosti 1907, karibu saa za kufunga kazi, daraja lilianguka mtoni. Watu 86 walikuwa juu yake, 75 walikufa. Thelathini na watatu kati yao walikuwa wa jamii ya Mohawk kutoka Kahnawake, kijiji kimoja. Kijiji kimoja, wanaume 33, siku moja.

Ukiisoma hiyo story utagundua hakuna mtu ndani yake aliyekuwa mjinga. Mkaguzi aliona. Mzee alielewa. Amri iliandikwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja pale juu ya daraja mwenye mamlaka ya kusema "shukeni", na kusikilizwa. McLure alikuwa na macho bila mamlaka, Cooper alikuwa na mamlaka bila macho. Hapo Huruma tulifanya kitu kile kile miaka 109 baadaye, ila sisi badala ya telegramu tulikuwa na orodha.

Kanada walifanya nini? Walijenga upya, na mwaka 1916 kipande cha katikati kikaanguka kikipandishwa, wakafa wengine 13. Daraja likaisha 1917. Kisha wahandisi wao wakaanzisha kiapo, na sherehe ya kwanza ikafanyika 1925. Maneno ya hiyo sherehe waliandikiwa na Rudyard Kipling, yule mwandishi. Mhandisi akimaliza masomo anaapa mbele ya wenzake, anavishwa pete ya chuma, ya kawaida tu, haina urembo. Inavaliwa kidole kidogo cha mkono anaoandikia, ndiyo iguse karatasi kila akichora na kila akiweka sahihi. Nilipenda hiyo sana. Huwezi kusaini bila kusikia chuma kikikwaruza.

Sasa rudi Nchiru, kwa sababu hapa kiapo si kitu cha kigeni. Makao makuu ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, yako hapa hapa Nchiru, na ardhi ya chuo ilitoka kwa hao wazee. Kuingia Njuri ni kwa kiapo, na kinachosemwa ndani hakiletwi Instagram. (Kando kidogo: mkoloni aliyefanya Njuri itambuliwe rasmi miaka ya 30 ni mkuu wa wilaya H. E. Lambert, yule yule aliyekuja kuandika vitabu juu ya lahaja za Kiswahili cha pwani. Dunia ni ndogo.) Ninachotaka uone ni kwamba kwa wazee, neno la mtu lilibeba uzito kuliko karatasi yake. Ukiapa, umejifunga wewe, kwa jina lako, mbele ya watu wanaokujua.

Linganisha na muhuri wa siku hizi. Sheria inataka michoro ya jengo iwe na sahihi na muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa, na bila hiyo kaunti haipitishi. Ni kitu kizuri kwa karatasi. Lakini uliza fundi yeyote wa hapa atakwambia biashara ilivyo: kuna muhuri wa kukodisha. Mtu anachorewa na kijana mwenye laptop, michoro inapelekwa kwa mwenye muhuri, anagonga, analipwa, na site hataiona milele. Kisheria jengo lina mhandisi. Ukweli ni kwamba lina wino.

Na hapa nitasema kitu ambacho najua kitawakasirisha marafiki zangu walio kwa hizo kozi. Msizoee kulaumu "mafundi wa mtaani". Fundi anafuata anayemwamuru. Kanuni za maadili za wahandisi, karibu kila nchi, zinaanza na usalama wa umma kabla ya mteja. Hiyo maana yake uko tayari kukosa kazi. Meneja wa ujenzi anayejua slabu haijakomaa na bado anaruhusu nguzo zitolewe hana tofauti na daktari anayejua dawa imeharibika na bado anadunga. Tunamwita wa kwanza "hustler" na wa pili muuaji.

Najua pia si rahisi. Kijana ametoka chuo juzi, ana deni la HELB, amepata kazi ya kwanza ya usimamizi, mwenye mradi ni mheshimiwa. Akisema simama kesho ataletwa mwingine. Ndiyo maana sipendi ile hotuba ya "kuwa na maadili tu". McLure alikuwa na maadili mpaka akapanda treni. Kinachotakiwa ni uzito nyuma ya neno lake: kwamba akiandika kazi isimame, inasimama siku hiyo, na atakayemfukuza kwa hilo ndiye aulizwe. Baada ya Huruma wenye jengo walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Sawa. Lakini mahakama inakuja baada ya mazishi.

Septemba 2019 ilikuwa zamu ya watoto. Shule ya Precious Talent, Nairobi, asubuhi ya Jumatatu, darasa la juu likawaangukia wa chini na wanafunzi 8 wakafa. Lilikuwa jengo la mbao na mabati lenye sakafu ya konkriti juu. Wazazi walikuwa wakilipa fee hapo. Walimu waliingia kila siku. Miezi mitatu baadaye, Desemba, Tassia, jengo la kupangisha, watu 10. Naandika hizi hesabu na naona mkono unataka kwenda haraka, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Hiyo ndiyo shida yetu nyingine.

Nje ya kila site Kenya panatakiwa kuwa na bango lenye namba ya usajili ya NCA na majina: mwenye mradi, msanifu, mhandisi, mkandarasi. Watu wanapita wakidhani ni tangazo. Hilo bango ni la kwako. Ni mahali pekee ambapo wewe, bila kuwa mtu wa chuo, unaweza kusoma nani amejifunga kwa jina lake.

Kuna hosteli moja inapanda karibu na ninapoishi, siitaji jina. Wako ghorofa ya nne. Bango lipo, mkandarasi ameandikwa, na mahali pa mhandisi pana namba ya simu bila jina. Niliipiga mara mbili. Ya kwanza haikushikwa. Ya pili alishika kijana, mpole sana, akaniambia engineer yuko Nairobi, nijaribu wiki ijayo. Nikamuuliza kama huwa anakuja. Akasema anatumiwa picha kwa WhatsApp.

Nimepiga picha ya bango, nimeandika barua moja kwa NCA na moja kwa kaunti, na nakala ninazo. Slabu ya tano inamwagwa Jumamosi.